Barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya Dodoma: mnapima presha, pimeni na figo

Nkuhungu,
Dodoma.

Kwa wasimamizi wa hospitali, vituo vya afya na kliniki za presha na kisukari katika Mkoa wa Dodoma.

Waheshimiwa,

YAH: WAGONJWA WA PRESHA NA KISUKARI KUTOPIMWA FIGO MPAKA MOYO UNAPOSHINDWA

Mbukwenyi. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha baiolojia katika shule za sekondari za mkoa huu kwa miaka 31, na kila mwaka nilichora figo ubaoni kwa chaki nyekundu na ya bluu. Niliwaambia wanafunzi kwamba viungo hivi viwili, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa ngumi ya mtu, hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, vikachuja lita kama 180 kwa siku na kurudisha karibu zote mwilini, mtu akaishia kukojoa lita moja au mbili tu. Watoto walishangaa. Nilimaliza kipindi, nikafuta ubao, nikaenda zangu. Sehemu iliyobaki ya somo lile nimekuja kufundishwa na kifo cha dada yangu.

Ninaandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Februari 2025 nilipeleka barua kwa mkono kwenye hospitali iliyomtibu, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Mei nilipeleka ya kukumbushia. Julai nikaitwa, nikakaa ofisini dakika kama ishirini, nikaambiwa suala langu linafanyiwa kazi, na kwamba marehemu "alikuwa mgonjwa wa presha, mambo ya figo ni idara nyingine". Tangu hapo ni danadana: nikipiga simu haipokelewi, nikienda mhusika yuko kwenye kikao. Hospitali yenyewe sitaitaja. Waliomhudumia dada walikuwa watu wema, wauguzi wawili walifika mpaka msibani, na haya niliyoyaona pale nimeyasikia pia kwa majirani wanaohudhuria kliniki nyingine. Kasoro iko kwenye utaratibu, na utaratibu ni ninyi mnaoupanga.

Dada huyu ndiye aliyenilea. Mama alipofariki, yeye aliacha shule ili mimi niendelee. Aliishi Bahi, akilima uwele na karanga, na kuanzia Machi 2017 alihudhuria kliniki ya presha mjini kila mwezi bila kukosa, hata msimu wa kulima. Alipanda gari la alfajiri akiwa na daftari lake la kliniki, amelifunga kwenye kipande cha kanga lisije likakunjika. Ninalo mbele yangu ninapoandika. Ni daftari la kawaida la shule, pembe za jalada zimelika, na ndani limejaa namba za presha, mstari kwa mstari, kwa miandiko ya watu wengi. Nimehesabu mahudhurio 79 katika miaka sita na nusu. Katika yote hayo, figo zimetajwa mara moja, Agosti 2019.

Mara ya pili kutajwa ilikuwa Oktoba 2023, alipolazwa akiwa hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, miguu imevimba hadi magotini. Kipimo cha moyo kilionyesha ukuta wa chumba cha kushoto umekuwa mnene na moyo hausukumi inavyotakiwa. Kreatinini, taka ya damu inayopimwa ili kujua figo zinafanyaje kazi, ilikuwa mikromoli 240 kwa lita. Alifariki Machi 2024. Sababu ya kifo imeandikwa kuwa ni moyo kushindwa kufanya kazi, na ni kweli ulishindwa. Naomba mnisikilize jinsi ulivyofikishwa hapo.

1. Kipimo kilifanyika, hakikusomwa.

Agosti 2019 daftari linasema "Kreatinini 104", pembeni kuna alama ya vema na neno "kawaida". Karatasi ya maabara bado imebanwa kwenye ukurasa huo kwa pini iliyoshika kutu. Kiwango cha kawaida kimechapwa 53 hadi 115, kimoja kwa watu wote. Kwa kipimo hicho, 104 haina shida.

Lakini kreatinini ni taka inayotokana na misuli. Kijana anayepakia magunia ya mahindi pale Kibaigwa huzalisha nyingi. Mama wa miaka 63 mwenye kilo 51 huzalisha kidogo, kwa hiyo damu yake ikifika 104 ni dalili kwamba figo zimeanza kushindwa kuitoa. Ndiyo sababu wataalamu waliweka kanuni ya hesabu: unachukua kreatinini, umri na jinsia, unapata kasi ya uchujaji, yaani figo zinachuja mililita ngapi kwa dakika. Nimeipiga hesabu hiyo kwa kanuni iliyotolewa 2021. Jibu la dada ni 52. Chini ya 60 kwa miezi 3 au zaidi ndio mpaka unaotumika duniani kote kusema mtu ana ugonjwa sugu wa figo.

Alipaswa kupimwa tena baada ya miezi 3. Alipimwa tena baada ya miaka 4, na hesabu ya siku hiyo inatoa 19.

Mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo zake kabla kreatinini haijavuka mstari wa "kawaida" uliochapwa kwenye karatasi. Hakuna maumivu yoyote. Hakuna homa. Anayeweza kumwambia ni yule aliyeshika karatasi tu.

2. Mkojo wa wagonjwa hawa haupimwi protini.

Kichujio kizima cha figo hakiachi albumini, protini kuu ya damu, ipite. Ikianza kuonekana kwenye mkojo, utando laini ulio ndani ya mishipa midogo umeharibika, na utando huohuo ndio unaofunika ndani ya mishipa ya moyo, ya ubongo na ya macho. Kwa hiyo mkojo ni dirisha la kutazamia mishipa ya mwili mzima. Albumini ikizidi miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini ya mkojo, hatari ya moyo imepanda hata kama kasi ya uchujaji bado ni nzuri. Mkojo wa dada ulipimwa mara moja, Juni 2021, aliposema anasikia kuchomwa akikojoa. Kilichotafutwa ni maambukizi.

3. Moyo na figo vinatibiwa kana kwamba ni vya watu wawili.

Hapa naomba niseme kwa kirefu, maana ndipo penye shina la malalamiko yangu.

Mwanzoni mwa daftari, 2017, presha ya dada inacheza kwenye 150 kwa 92, 156 kwa 94. Fungua kurasa za 2022: 172 kwa 74, 178 kwa 70. Siku moja aliambiwa, "Mama, ya chini sasa imekaa vizuri." Alifurahi, jioni akanipigia simu kunieleza. Nami nikafurahi. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu mwalimu wa baiolojia alipaswa kujiuliza kwa nini namba mbili zilizokuwa zikienda pamoja zimeachana.

Ateri yenye afya ni kama mpira wa manati. Moyo ukisukuma, ukuta wake unavutika kuipokea damu. Moyo ukipumzika, ukuta unajirudi na kuisogeza damu mbele. Ateri iliyokakamaa haivutiki wala haijirudi, hivyo presha ya juu hupaa na ya chini huanguka. Na mishipa inayoulisha moyo wenyewe hupata damu yake zaidi wakati moyo umepumzika. Ile namba ya chini ikianguka sana, moyo unapunguziwa chakula wakati uleule unaoongezewa kazi.

Figo zinahusikaje na ukakamavu huo? Figo iliyochoka haitoi fosfati ipasavyo, na haiwezi kuikamilisha vitamini D ili mwili uitumie. Tezi nne ndogo za shingoni hulazimika kumwaga homoni nyingi kujaribu kurekebisha mambo, kalsiamu ikavutwa kutoka mifupani. Muda unavyokwenda, chembe za misuli zilizo ndani ya ukuta wa ateri hubadili tabia na kuanza kutandaza kalsiamu kama zinavyofanya chembe za mfupa. Mtu anabaki na mifupa dhaifu na mishipa migumu.

Wakati huohuo figo hizo zinabakiza chumvi na maji. Zikihisi hazifikiwi na damu ya kutosha hutoa renini, ambayo huanzisha mnyororo wa kemikali unaobana mishipa mwili mzima. Presha inapanda na kuumiza vichujio vilivyosalia. Vichujio vikipungua, presha inapanda tena. Figo ndizo pia hutengeneza homoni inayouagiza uboho uzalishe chembe nyekundu. Homoni ikipungua, damu inapungua, na moyo unalazimika kwenda mbio ili kufikisha hewa ileile. Moyo uliobebeshwa mishipa migumu, maji ya ziada na damu pungufu hufanya kama msuli wa mchukuzi: unanenepa. Ukuta mnene hukakamaa, hupata damu haba, mwisho unachoka. Potasiamu nayo ikipanda, mapigo yanaweza kuvurugika na kusimama ghafla, mtu akafa usingizini na majirani wakaanza kutafuta mchawi.

Haya hayasubiri figo zife kabisa. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuatilia watu wazima zaidi ya milioni 1. Wakilinganishwa na wenye kasi ya uchujaji ya 60 au zaidi, waliokuwa kati ya 45 na 59 walikuwa na hatari ya kupata tukio la moyo au mishipa iliyozidi kwa asilimia 40. Kati ya 30 na 44, hatari ilikuwa mara mbili. Kati ya 15 na 29, mara 2.8. Dada yangu alikuwa kwenye kundi la kwanza kati ya hayo siku ile alipowekewa alama ya vema, akateremka yote matatu huku anahudhuria kliniki kila mwezi. Wagonjwa wengi wa figo hawafiki kwenye mashine ya kusafisha damu. Moyo au kiharusi huwachukua njiani, hesabu yao ikaingia kwenye daftari la moyo, na ninyi mkiangalia takwimu mnaona figo si tatizo kubwa.

Alipotoka wodini Oktoba 2023 alipewa kadi mbili. Jumanne moyo, Alhamisi figo, wiki tofauti, kutoka Bahi kila mara. Jumanne moja aliongezewa dawa ya kukojoza kwa sababu miguu imejaa. Alhamisi ya wiki iliyofuata akaambiwa aipunguze, figo zimekauka. Hakuna aliyemwandikia mwenzake. Wote wawili walikuwa sahihi kwa upande wao: moyo dhaifu unahitaji maji yatolewe, figo dhaifu haitaki yatolewe kupita kiasi, na ndiyo maana uamuzi huo hufanywa na watu wanaozungumza. Mgonjwa alibaki yeye ndiye mjumbe kati ya madaktari wawili, na mjumbe huyo aliishia darasa la tano.

4. Dawa za maumivu.

Magoti yalimsumbua. Nimekuta diklofenaki imeandikwa mara kumi na moja ndani ya daftari la presha, kwa kalamu za kliniki yenu wenyewe, mbali na alizonunua kwenye duka la dawa pale kijijini bila karatasi. Diklofenaki, ibuprofeni na jamii yake hupunguza damu inayoingia kwenye vichujio vya figo, hupandisha presha, hubakiza chumvi na maji, na diklofenaki huongeza hatari ya shambulio la moyo. Kwa mtu mwenye kasi ya uchujaji ya 52 anayekunywa pia dawa ya kukojoza, katika joto la Oktoba la huku kwetu, ni hatari juu ya hatari. Hakuna aliyemwambia. Ningeambiwa mimi ningemkataza, alikuwa akinisikiliza.

5. Ushauri wa chakula usiomjua mlaji.

Kila alipokwenda aliambiwa, "Mama, punguza chumvi." Akaitii sana. Aliacha kuweka chumvi kwenye mboga, wajukuu wakawa wananung'unika. Lakini kila jioni alisonga ugali wa uwele na kupika mlenda, na kwenye mlenda alitumbukiza magadi, kipande kama ncha ya kidole gumba. Nilimwona kwa macho yangu, Desemba 2022, akilivunja pande la magadi kwenye kinu, akapepeta vumbi lake kwa mkono, akanawa, akatumbukiza kipande chunguni. Akaniambia kwa fahari, "Mdogo wangu, mwaka wa tano huu chumvi siijui."

Magadi yamejaa sodiamu. Ni ileile inayovuta maji na kupandisha presha, imekuja kwa jina jingine. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na shabaha ni hiyo sodiamu iliyomo. Mtoa ushauri katika mkoa huu ambaye haulizi habari za magadi anazungumza na watu wa mkoa mwingine. Siwalaumu wauguzi vijana waliopangiwa kazi huku kutoka mbali. Anayepaswa kuwaeleza chungu cha Mgogo kina nini ni msimamizi wao.

Najua majibu nitakayopewa, kwa sababu mengine nimeshapewa.

Nitaambiwa fedha hazitoshi. Kijiti cha kuchovya kwenye mkojo ni miongoni mwa vipimo vya bei ya chini kabisa maabara, kinapatikana hata kwenye kliniki ya wajawazito, ambako mkojo wa mama hupimwa protini bila mjadala. Kreatinini hupimwa kwa mashine mlizonazo tayari. Hesabu ya kasi ya uchujaji haina gharama hata kidogo, simu ya mkononi inaifanya kwa sekunde chache. Kusafisha damu, kwa upande mwingine, ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, maisha yote. Mkoa wetu umepiga hatua kubwa upande huo: tangu 2018 figo zinapandikizwa hapa hapa, Hospitali ya Benjamin Mkapa, na kila mkazi wa Dodoma anajivunia. Lakini haifai tuwe tunaweza kupandikiza figo huku tunashindwa kuchovya kijiti.

Nitaambiwa wagonjwa ni wengi na wahudumu ni wachache. Hilo nalijua, nimekaa kwenye mabenchi yale. Dada alifika saa moja asubuhi na kumwona daktari saa tano au sita. Katika saa hizo nne angeweza kutoa mkojo mara kumi.

Nitaambiwa wagonjwa wetu wanachelewa, wanakunywa mitishamba, hawahudhurii. Wapo. Dada yangu hakuwa mmoja wao. Alihudhuria mara 79. Kama utaratibu umeshindwa kumwona mgonjwa aliyehudhuria mara 79, sijui utamwonaje anayekuja mara tatu.

Na nitaambiwa kwamba hata angegundulika mapema, ugonjwa sugu wa figo hauponi. Jibu hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Haurudi nyuma, lakini hucheleweshwa, na moyo hulindwa. Dada alikuwa kwenye nifedipini na dawa ya kukojoza miaka yote. Zinashusha presha, ni kweli. Lakini kama mkojo ungepimwa na protini ikaonekana, alistahili kuwekwa kwenye enalapril au losartan, ambazo pamoja na kushusha presha hupunguza mgandamizo ndani ya kichujio chenyewe. Faida ya kundi hilo kwa figo za wagonjwa wa kisukari imethibitika tangu miaka ya 1990 na 2001. Tangu 2013 mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ya figo unapendekeza dawa za jamii ya statini, zinazoshusha lehemu, yaani mafuta ya damu, kwa mwenye miaka 50 na kuendelea ambaye uchujaji wake uko chini ya 60, hata kama lehemu yake si kubwa, kwa ajili ya kulinda moyo na mishipa. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa dawa iitwayo dapagliflozin kwa wagonjwa wa figo, wenye kisukari na wasio nacho: ilichelewesha figo kufa na ikapunguza, vikihesabiwa pamoja, vifo vya moyo na kulazwa kwa moyo kushindwa. Ile ya kuzuia diklofenaki haihitaji hata dawa, inahitaji neno moja tu. Kutoka Agosti 2019 hadi Oktoba 2023 ni miezi 50. Katika miezi hiyo yote, hakupewa hata kimoja kati ya hivi.

Ninachowaomba, Waheshimiwa, ni hiki.

Kila mgonjwa wa presha au kisukari apimwe kreatinini na protini ya mkojo anapoanza kliniki, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Maabara zisitoe tena kreatinini peke yake; kasi ya uchujaji iandikwe kwenye karatasi hiyohiyo, na mgonjwa aambiwe namba yake kama anavyoambiwa presha yake. Mimi nina presha tangu 2014. Namba yangu niliijua mwaka jana, kwa kulipia mwenyewe maabara ya binafsi, na ni 71. Kwa nini niliitafuta kama siri?

Atakayekuwa chini ya 60, au mwenye protini kwenye mkojo, arudiwe vipimo ndani ya miezi 3. Ikithibitika, ahesabiwe kuwa mgonjwa wa hatari kubwa ya moyo kuanzia siku hiyo: dawa zake zipitiwe upya, potasiamu na wingi wa damu vipimwe, mapengo kati ya presha ya juu na ya chini yaangaliwe. Jalada la daftari lake lipigwe muhuri unaosema asipewe diklofenaki wala ibuprofeni. Muhuri wa mpira unachongwa mjini hapa kwa siku moja. Wauza dawa wa maduka ya vijijini waufundishwe muhuri huo, maana wao ndio daktari wa kwanza wa watu wetu.

Mwenye matatizo yote mawili, moyo na figo, awe na siku moja ya kliniki na daftari moja. Kama daktari bingwa wa figo hayupo kila siku, basi wanaomtibu moyo waandike na wanaomtibu figo wasome, ukurasa uleule.

Kwa upande wa magadi, sihitaji mabango. Andaeni karatasi moja ya maswali ya kumuuliza mgonjwa anachopika nyumbani, na wahudumu wa afya wa vijijini wapewe nakala. Nipo tayari kusaidia kuiandika bila malipo, kwa Kiswahili, na yupo mwalimu mwenzangu wa Mvumi atakayeiweka kwa Kigogo.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 60 tangu barua hii kutolewa, yakieleza kipi kinaanza lini na nani anakisimamia. Barua za Februari na Mei 2025 ninazo, na mihuri yake inasomeka. Daftari la dada pia ninalo. Familia imeridhia litumike kufundishia, mkilihitaji nitalileta mwenyewe, siku na saa mtakayonipangia, nikae na wahudumu tulipitie ukurasa kwa ukurasa kuanzia Agosti 2019.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Nkuhungu, Dodoma.